Mbwa Wangu Haumwi, Kwa Nini Nimpeleke Kupimwa?

SWALI

Mheshimiwa Daktari,

Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa makamo, mkazi wa Raskazone hapa Tanga, na ninafuga mbwa mmoja na paka mmoja. Mbwa anaitwa Bosi, dume la miaka 6 ambalo kazi yake ni ulinzi. Analala kwenye banda lake karibu na geti, na mwisho wa juma mume wangu humpakia kwenye pikapu akaenda naye shambani Pangani, upande wa kuelekea Saadani. Paka ni Shani, jike la miaka 11, aliyezaliwa humu humu ndani na kukua pamoja na watoto wangu.

Kilichonisukuma kuandika ni kifo cha mbwa wa jirani. Yule mbwa alikuwa anakula vizuri na kubweka usiku kucha, wala hakuna aliyemdhania ugonjwa, hadi asubuhi moja alipokutwa akitokwa na damu puani. Jirani alidhani amepigwa jiwe. Wiki haikuisha, mbwa akafa. Nikaingiwa na hofu, nikaenda kwenye kliniki moja ya wanyama kuuliza habari za wangu, nikakabidhiwa karatasi yenye kifurushi kiitwacho uchunguzi kamili: damu, mkojo, kinyesi, eksirei, altrasaundi na vipimo vingine nisivyovielewa, vyote kwa bei moja inayokaribia ada ya muhula ya mtoto wangu wa mwisho. Mume wangu alipoiona karatasi ile alicheka sana. Alisema hata yeye mwenyewe hajawahi kupimwa namna hiyo, na kwamba mbwa anayekula na kubweka hana ugonjwa. Isitoshe, Bosi huchomwa sindano ya kichaa cha mbwa kila mwaka na kijana anayepita mtaani kwa pikipiki, kwa hiyo kwa maoni yake mbwa ameshapimwa.

Jambo la pili ni binti yangu mkubwa, ambaye ana mimba ya miezi minne na atakuja kujifungulia kwangu. Shangazi yake anashikilia kwamba paka aondolewe kabla binti hajafika, au walau apimwe ule ugonjwa wa paka unaoharibu mimba. Shani mwenyewe naona amepungua mwili kidogo, ingawa chakula anakula, nami nimechukulia kuwa ni uzee.

Naomba unieleze iwapo kumpima mnyama asiyeumwa kuna faida ya kweli au ni biashara tu, na kama faida ipo, ni vipimo gani hasa vya kulipia.

Mama wa Raskazone

JIBU

Wa aleikum salaam, Mama wa Raskazone.

Faida ipo, lakini haimo katika kifurushi kile. Vipimo vya mnyama asiye na dalili huchaguliwa kwa kuangalia anapoishi, anakokwenda, kazi anayofanya na umri alio nao. Orodha inayouzwa kwa bei moja kwa mbwa wa ulinzi wa Tanga na kwa kitoto cha paka wa ghorofani Dar es Salaam imeandikwa bila kumtazama hata mmoja wao. Wanyama wako wawili wanahitaji vitu tofauti kabisa, na unachohitaji kukilipia ni sehemu ndogo tu ya ile karatasi.

Nianze na hoja ya mume wako, kwa sababu ndiyo hoja ya wafugaji wengi na haina ubaya wowote isipokuwa kwamba maradhi kadhaa ya mbwa wa pwani hayaifuati. Mbwa wa jirani sikumwona, na damu ya puani huletwa na mambo mengi, likiwemo hilo jiwe, kwa hiyo siwezi kutamka kilichomuua. Hata hivyo, hapa kwetu mbwa aliyekuwa mzima anapotokwa damu puani bila jeraha, fikira yangu ya kwanza huenda kwa erlikia, bakteria anayeambukizwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Baada ya kuumwa na kupe mwenye vijidudu hivyo, mbwa hupata homa na kukosa hamu ya kula kwa wiki chache, mara nyingi kwa kiasi kidogo ambacho mwenye mbwa hukiona kama uchovu wa siku mbili, kisha anapata nafuu. Hapo ndipo ugonjwa unapojificha. Kwa miezi, na wakati mwingine kwa miaka, mbwa anakula, anabweka na kufukuza wezi, huku chembe sahani za damu yake, zile zinazogandisha damu mtu akijikata, zikiwa pungufu siku zote. Baadhi ya mbwa huushinda ugonjwa wakiwa katika kipindi hicho. Wengine huishia katika hatua ya tatu, ambapo uboho wa mifupa unashindwa kutengeneza damu, na damu ya puani inapoonekana, dawa ambayo ingefanya kazi vizuri mwaka mmoja kabla huwa haifui dafu tena. Doksisaiklini, inayotolewa kwa wiki nne hivi, ni dawa inayopatikana kwa urahisi, na kinachowaponza mbwa wengi ni kuchelewa kuanzishiwa.

Kupe huyo wa kahawia, tofauti na kupe wengi wa ng'ombe, hahitaji pori. Anapenda nyumba. Hutaga mayai kwa maelfu katika nyufa za ukuta, chini ya mbao za banda na kwenye matundu ya geti, na katika kila hatua ya maisha yake humrudia mbwa kunyonya damu. Kwa sababu hiyo, hata Bosi asingetia mguu Pangani, kulala bandani kwake pale getini kungetosha kunifanya nitake kuiona damu yake mara moja kwa mwaka.

Uchunguzi wenyewe unaanza kwa mikono, na sehemu hii ndiyo ninayotaka uilipie kabla ya mashine yoyote. Daktari anayejua kazi yake atampima Bosi uzito, atampima joto kwa njia ya haja kubwa, ambalo kwa mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2, kisha atainua mdomo wa juu na kutazama ufizi. Ufizi uwe wa waridi. Ukibonyezwa kwa kidole unageuka mweupe, na rangi irudi kabla ya sekunde mbili kupita. Ufizi uliopauka ni habari mbaya hata kama mbwa anatikisa mkia. Atapapasa tezi za chini ya taya na za nyuma ya magoti, ambazo huvimba katika maradhi ya kupe, na atabonyeza tumbo upande wa kushoto kuitafuta bandama iliyokua kupita kiasi. Atapekua masikio na katikati ya vidole, ambako kupe hujificha. Kwa kuwa Bosi ni dume lisilohasiwa, kama nilivyokuelewa, na huenda hutoka usiku, ni lazima pia atazamwe uume: uvimbe wa kuambukizana kwa kujamiiana huota pale, hutoa damu matone matone, na watu wengi hudhani mbwa anakojoa damu. Uvimbe huo ukigunduliwa mapema hutibika vizuri kwa sindano chache za vinkristini. Kazi hii yote haimchukui daktari zaidi ya nusu saa, ila atahitaji mbwa aliyefungwa mdomo vizuri, kwa sababu mbwa wa ulinzi hapendi kubonyezwa tumbo na mgeni.

Baada ya mikono ndipo ije damu. Kwa Bosi ningechukua kiasi kidogo katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau, ambacho kina dawa ya kuzuia damu isigande, na tone moja zaidi kutoka kwenye ncha ya sikio kwa ajili ya kulisambaza kwenye kioo. Tone la sikioni lina maana yake, kwa sababu chembe nyekundu zilizobeba babesia, vimelea vingine vya kupe, hukwama kwenye mishipa midogo na huonekana huko kwa urahisi zaidi. Ile damu ya kichupani huvutwa ndani ya mrija mwembamba wa kioo na kuzungushwa kwa kasi kwenye mashine kwa dakika tano hivi. Mrija ukitoka, chembe nyekundu zimejikusanya chini, maji ya damu yako juu, na katikati kuna utepe mwembamba mweupe. Urefu wa sehemu nyekundu peke yake unaonyesha kama mbwa ana upungufu wa damu: mbwa mzima huwa na kati ya asilimia 37 na 55. Maji ya juu yakiwa ya njano iliyokolea, chembe nyekundu huenda zinavunjwa au ini lina shida. Nao ule utepe mweupe ukiwekwa chini ya hadubini wakati damu bado mbichi, wadudu wawili wanaonihusu kwa mbwa anayekwenda upande wa Saadani huonekana wakicheza.

Wa kwanza ni vimelea vya nagana, vinavyoenezwa na mbung'o. Wafugaji wa Tanga wanaijua nagana kwa ng'ombe, lakini wengi hawajui kwamba mbwa hupata aina zake kali zaidi, na dalili inayoonekana kwa macho, yaani ukungu wa buluu kwenye jicho, huja wakati vimelea vimeshaenea mwilini. (Katika jambo la mbung'o Tanga ina historia yake: madume waliofanywa tasa kwa mionzi na kuachiwa Unguja katika miaka ya 1990, hadi mbung'o wakatoweka kisiwani humo, walizalishwa hapa hapa mjini.) Wa pili ni minyoo michanga ya jamii ya filaria, inayoletwa na mbu. Mmoja wao hukaa kwenye moyo na mishipa ya mapafu ya mbwa, na huchukua miezi sita au saba tangu mbu alipouma hadi mnyoo kukomaa, kwa hiyo kipimo kinachofanywa mapema kuliko hapo hakitaona kitu. Mwingine, anayekaa kwenye mishipa ya limfu, alielezwa na wataalamu mwaka 1958 kutokana na mbwa, paka na kanu wa kisiwa cha Pate, Lamu. Pwani yetu ni moja, na mbu ni wale wale.

Kliniki itakupa pia kipimo cha haraka cha maradhi ya kupe, kile cha kadi kinachotoa mistari. Kinafaa, lakini nakuomba ukielewe kabla hujashtuka. Kadi nyingi za aina hiyo hutafuta kinga ambayo mwili umetengeneza, na mbwa wa Tanga mwenye miaka 6 ana uwezekano mkubwa wa kuwa amewahi kukutana na erlikia, akaishinda, na bado akatoa mstari. Mstari peke yake haumfanyi Bosi mgonjwa. Mstari pamoja na chembe sahani chini ya 100,000 kwa maikrolita, wakati kawaida huanzia kama 200,000, hilo ni jambo jingine, na hapo matibabu yaanze. Daktari akikuandikia dawa kwa kutazama mstari tu, muulize hesabu ya chembe sahani ni ngapi.

Kinyesi nacho kipimwe, na hiki ni kipimo cha bei nafuu ambacho watu hukidharau. Kiokotwe asubuhi ile ile kikiwa kibichi, kwenye kichupa safi, kwa kuwa katika joto letu mayai ya safura ya mbwa huanguliwa ndani ya siku moja na maabara ikabaki haina cha kuona. Safura hunyonya damu ya mbwa, na viluwiluwi vyake kwenye mchanga hutoboa ngozi ya watoto wanaotembea pekupeku na kuacha michirizi myekundu inayowasha.

Sasa sindano ya yule kijana wa pikipiki. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya lazima kuliko yote niliyoyataja, maana dalili za ugonjwa ule zikishaonekana, kwa mtu au kwa mbwa, karibu hakuna anayepona, na ili ugonjwa uache kuenea inatakiwa angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wawe wamechanjwa. Lakini chanjo si uchunguzi. Mtu aliyemchoma Bosi sindano getini hakumfungua mdomo wala kumpapasa tumbo, na sidhani kama alijua uzito wake. Wasiwasi wangu mwingine ni baridi. Chanjo hii inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani hadi mwilini mwa mbwa, na chupa iliyozunguka mjini mfukoni mwa koti kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana inaweza kuwa imebaki maji tu. Akija tena, mtake akuonyeshe kisanduku chenye barafu, abandike kwenye kadi kile kikaratasi cha chupa chenye namba ya toleo, na akutajie namba yake ya usajili katika Baraza la Veterinari Tanzania. Asipokuwa navyo, mpeleke Bosi kliniki, na Shani naye achanjwe huko siku yake, kwani paka naye hupata kichaa na kukiambukiza.

Nimemweka Shani mwisho wa maelezo, lakini kwa utekelezaji ndiye wa kwanza. Umeniuliza habari za kupima mnyama asiyeumwa, na Shani hayumo katika kundi hilo. Paka wa miaka 11 anayekula huku akikonda ana dalili. Uzee haukondeshi, kinachokondesha ni ugonjwa uliokuja na uzee, na katika umri wake ninaoufikiria ni wa figo, wa tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, au wa kisukari. Paka wa kilo 4 akishuka hadi kilo 3.6 unaona ni gramu mia nne tu, lakini ni sawa na mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7 bila kukusudia, na mtu huyo asingesubiri mwaka uishe. Mpime leo hii kwa kumbeba na kusimama naye kwenye mizani, kisha usimame peke yako na kutoa tofauti. Iandike, urudie kila mwezi.

Kwake kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote ni mkojo. Figo za paka hupoteza uwezo wa kuukoleza mkojo zinapokuwa zimeharibika kwa kama theluthi mbili, wakati kreatinini ya damu, taka inayochujwa na figo, ambayo ndiyo watu huipima, kwa kawaida hupanda baada ya robo tatu kuharibika. Mkojo wa asubuhi wa paka mzima, ukilinganishwa na maji ambayo ni 1.000, huwa na uzito wa 1.035 au zaidi. Ukikutwa chini ya hapo mara mbili, kuna la kutafuta. Ili kuupata, ondoa mchanga kwenye trei yake, weka kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, kisha uvute mkojo kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Akikataa, daktari atautoa kwenye kibofu kwa sindano nyembamba, jambo linaloogopesha kulitazama kuliko linavyomuumiza paka. Pamoja na mkojo apimwe sukari, kreatinini na shinikizo la damu, apapaswe shingo, na meno yake yatazamwe. Kuanzia sasa apelekwe kila miezi sita, wakati Bosi mara moja kwa mwaka inamtosha.

Kuhusu binti yako, kumpima Shani toksoplazma, kimelea cha ule ugonjwa anaousema shangazi, hakutamlinda, nami nisingelipia. Kwa kawaida paka hutoa mayai ya kimelea hicho kwa wiki moja hadi tatu, mara nyingi mara moja tu maishani, na kipimo cha damu ya paka kinaeleza kama aliwahi kuambukizwa, hakielezi kama leo anatoa mayai. Mayai yenyewe yanahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla hayajaweza kumwambukiza mtu. Kwa hiyo trei isafishwe kila siku, na anayeisafisha asiwe binti. Shani asipewe nyama mbichi. Zaidi ya paka, binti ajihadhari na mishikaki isiyoiva vizuri, mboga zisizooshwa na kulima bustani bila glovu, ambazo ni njia za maambukizi zinazosahaulika watu wanapomnyooshea paka kidole. Kipimo chenye maana ni cha binti mwenyewe, na aulize kliniki anakohudhuria ujauzito. Mwambie shangazi kwamba paka anaweza kubaki.

Katika ile karatasi, basi, kwa Bosi lipia uchunguzi wa mikono, damu ya mrija na ya kioo, hesabu ya chembe sahani, kipimo cha haraka cha kupe chenye filaria ndani yake, na kinyesi. Eksirei na altrasaundi ziache, isipokuwa kama mikono ya daktari imekuta bandama kubwa au moyo unaosikika vibaya, na akuonyeshe alichokikuta kabla hujakubali. Kwa Shani, altrasaundi ya figo isubiri majibu ya mkojo. Wakikuambia kifurushi hakigawanyiki, nenda kwingine. Uliza pia kama hadubini iko pale pale; ikiwa damu hupelekwa mbali na kukaa hadi kesho yake, vile vimelea vya nagana vitakuwa vimekufa na hakuna kitakachoonekana kikicheza. Tanga mnacho kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, na daktari wako anaweza kupeleka sampuli huko.

Wapeleke siku tofauti, maana paka anayesubiri karibu na mbwa anayenguruma hupandwa na shinikizo la damu na sukari, na vipimo vyake vitadanganya. Shani aende kwenye kapu lenye mfuniko, lililofunikwa kanga. Bosi aende asubuhi na mapema kabla ya jua kali, kwa sababu mbwa aliyefungwa mdomo hawezi kuhema na kujipooza. Wiki mbili kabla ya hapo usimpe dawa yoyote ya sindano iliyobaki shambani kwenye matibabu ya ng'ombe: dozi ya baadhi yake kwa mbwa iko karibu mno na sumu, na hata isipomdhuru itavificha vimelea tunavyovitafuta. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse Shani kabisa, wala parasetamoli, hata nusu ya kidonge, kwani huua paka.